Sarafu Tano Bakulini

Glasgow, Novemba 2023

Mjomba wangu,

Ujumbe wako wa sauti umenifika. Nimeusikiliza mara tatu, mara ya kwanza nikidhani umeubonyeza kwa bahati mbaya. Sarafu zinadondoka moja moja kwenye bakuli la bati, tano kwa hesabu, kisha kimya. Hukutia neno. Asubuhi yake mama akanipigia kuniambia umemrushia shilingi 5,000, elfu moja kwa kila bao, na maagizo kwamba azitunze mpaka nije likizo, maana ni mchango wako kwa Simba. Mama hakuelewa. Mimi nilielewa palepale, na iliniuma kuliko yale mabao yenyewe.

Jumapili ile ya tarehe 5 nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Mpira wa Simba yetu na Yanga yenu ulianza saa kumi na moja jioni kwenu, saa nane mchana huku, mvua ikipiga dirisha la jikoni. Mpaka mapumziko ilikuwa 1-1, nikainjika chai kwa moyo mweupe. Kipindi cha pili mkatupiga manne. Nilikaa hadi filimbi ya mwisho kwa sababu marehemu baba alinifunza kwamba shabiki haondoki timu yake ikiwa inazama. Lakini filimbi ilipolia tu, nilifungua kundi la familia kwenye simu nikaanza kuandika, na nataka ujue nilichoandika. Niliandika kwamba watu waliokuwa wakitembeza bakuli juzi, leo wamepata mdomo. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kutuma. Nikafuta. Haikupita nusu saa, sarafu zako zikaingia.

Wasomaji wa safu hii wataniwia radhi. Barua ya leo ni ya mtu mmoja, wao wasome begani kwake.

Unakumbuka mwaka 2018, Mjomba. Yusuf Manji alikuwa ameachia uenyekiti tangu Mei 2017, hazina ya Yanga ikakauka, mishahara ya wachezaji ikawa inachelewa, na Mwinyi Zahera, kocha aliyetoka Kongo kuja kufundisha mpira, akajikuta ndiye anayehamasisha mashabiki wachange. Sisi Simba wa Msimbazi tulikuwa tumeshampata tajiri wetu, Mo Dewji. Kila mlipopita, bakuli. Kila mlipofunga bao, bakuli. Mimi nikiwa huku nikakutumia pauni tano, na chini yake nikaandika kwamba uzitie bakulini usije ukakosa timu ya kushabikia. Ulinijibu maneno mawili: ahsante, mpwa. Ilipita miaka mitatu ndipo mama aliponiambia kwamba ulizipeleka kweli tawini kwenu Magomeni, na mweka hazina akaliandika jina langu kwenye daftari la michango.

Kuna jambo sikukuambia wakati ule. Siku nilipokutumia zile pauni tano nilikuwa nimeshaishi katika mji ambao klabu tajiri kuliko zetu zote mbili ilifilisika mbele ya macho yangu. Nilikuwa najua bakuli ni kitu gani. Nilijua, na bado nikacheka.

Nilifika Glasgow mwaka 2011 majani yakianza kuanguka. Kazi niliyopata ni hii ninayofanya hadi leo, kuwatunza wazee kwenye nyumba yao, kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza. Wiki ya kwanza nilidhani watu wa hapa ni washika dini sana, kwa jinsi walivyokuwa wakiniuliza nilisoma shule gani na nyumbani tunasali wapi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wanauliza timu. Mji umegawanywa. Upande wa mashariki, Parkhead, ni Celtic, timu ya kijani na nyeupe iliyoanzishwa mwaka 1887 na wahamiaji Wakatoliki waliokimbia umaskini wa Ireland. Ng'ambo ya pili ya mto Clyde, kule Ibrox karibu na Govan, ni Rangers wa bluu, wa tangu 1872, timu ya Waprotestanti na ya wajenga meli. Mpaka mwaka 1989 Rangers walipomsajili Mo Johnston, kusajili mchezaji maarufu wa Kikatoliki lilikuwa jambo lisilofikirika kwao, na siku ilipotokea wapo mashabiki waliochoma skafu zao. Yetu ya Yanga wa Jangwani na Simba wa Msimbazi ni utani: tunafungana, tunazomeana, tunakwenda kula pilau moja. Huku nilikuta mizizi imepita kwenye makanisa, kwenye ajira, kwenye ndoa. Baa nyingi zina tangazo mlangoni kwamba hapaingiwi na jezi.

Mimi nilikuwa Celtic kabla sijaamua. Mwaka uleule wa 2011 Celtic walimchukua kijana wa Nairobi kutoka Beerschot ya Ubelgiji, Victor Wanyama, mdogo wake McDonald Mariga. Wakampa jezi namba 67, kwa heshima ya kikosi kilichotwaa Kombe la Ulaya kule Lisbon mwaka 1967, vijana waliozaliwa wote ndani ya maili 30 kutoka uwanja wao. Kituoni pa basi watu nisiowajua walikuwa wakiniuliza natoka wapi, nikisema Tanzania wanauliza kama ni karibu na kwa Wanyama. Nikisema ni majirani, wananishika mkono. Mgeni katika mji wa baridi hushikwa mkono mara chache, Mjomba. Nilimpenda yule kijana kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Mwenzangu wa zamu alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Gallowgate, babu zake walitoka Donegal. Na katika wazee niliokabidhiwa alikuwemo mzee mmoja aliyechomelea vyuma kwenye karakana za meli za Govan tangu ujana wake hadi zilipopunguza watu. Huyo alikuwa bluu mpaka mfupani. Alikuwa na masikio mazito, mikono yenye makovu ya moto, na tiketi ya msimu ya Ibrox ambayo hakuwa tena na miguu ya kuitumia. Akimtazama yule mama wa Gallowgate hamwiti kwa jina, anamwita kwa timu yake. Naye vilevile. Na ni yeye huyo mama aliyekuwa akimkatia nyama vipande vidogo kila mchana.

Tarehe 14 Februari 2012 Rangers wakawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Adhabu ikawa kukatwa pointi 10, na ubingwa ukawa kama umeshakwenda Parkhead. Mji ulilipuka. Mashabiki wa Celtic wakawa wanaimba kuhusu jeli na aiskrimu, chakula wanachopewa watoto hapa siku ya sherehe, maana adui anakufa na wao wana sherehe. Yule mama alikuja kazini na bakuli la jeli ya kijani, akatugawia wote chumba cha chai. Nilikula. Nilicheka nao. Sikuwa na sababu ya kuwachukia Rangers zaidi ya kwamba Wanyama hakuwa wa kwao.

Halafu nikaanza kusoma magazeti ili nielewe ninachekea nini, na hapo ndipo kicheko kilipoanza kunikaa vibaya kooni.

Mei 2011 mwenye klabu ya Rangers, David Murray, alikuwa ameiuza kwa mtu aitwaye Craig Whyte kwa pauni moja. Ndiyo, pauni moja, kwa sharti kwamba mnunuzi alipe deni la pauni milioni 18 hivi lililokuwa benki ya Lloyds. Na akalilipa. Watu wakampigia makofi. Baadaye ikabainika fedha zilitoka wapi: kampuni moja ya London, Ticketus, ilikuwa imetoa zaidi ya pauni milioni 20 ili ipewe mapato ya tiketi za msimu za miaka ambayo ilikuwa haijafika. Mjomba, itafakari hiyo. Mashabiki wale, akiwemo mzee wangu wa Govan, klabu yao ilinunuliwa kwa fedha za mifukoni mwao wenyewe ambazo hawajazitoa bado, na hakuna aliyewauliza. Mwaka 2017 baraza la wazee wa mahakama halikumkuta Whyte na hatia ya udanganyifu, akaachiwa, na ni haki yake niliseme hilo. Lakini kisheria kuwa safi ni jambo moja. Mzee ambaye kiti chake kimeuzwa miaka mitatu mbele bila yeye kujua ana swali jingine, nalo halikuwahi kujibiwa mahakamani.

Kisha kodi. Hili nililielewa haraka kuliko wachambuzi wote wa televisheni, kwa sababu kila mwisho wa mwezi karatasi yangu ya mshahara inanionyesha kilichokatwa. Chini ya mmiliki mpya, Rangers walikuwa hawapeleki serikalini kodi ya mishahara ya watu wao wala kodi ya ongezeko la thamani. Deni hilo peke yake lilipita pauni milioni 9. Na nyuma yake kulikuwa na kesi kubwa zaidi ya miaka ya Murray, kuhusu malipo ya wachezaji yaliyopitishwa kwenye mifuko maalumu kana kwamba ni mikopo, kesi ambayo Mahakama ya Juu ya Uingereza iliiamua mwaka 2017 kwa upande wa mamlaka ya kodi. Mashabiki wa Celtic walikuwa na hasira ya haki hapo. Walikuwa wakisema mmechukua vikombe kwa wachezaji ambao hamkuwa na uwezo wa kuwalipa kihalali, na sisi tuliolipa kodi tukawa wa pili. Mimi ninayewaogesha wazee kwa fedha za kodi siwezi kuwaambia wamekosea.

Orodha ya wadai ilipotangazwa ilikuwa na majina zaidi ya mia mbili. Juu kabisa ni kodi na Ticketus, halafu vilabu vingine, halafu inashuka, inashuka, mpaka wafanyabiashara wadogo wa mtaani. Hata huduma ya magari ya wagonjwa ya Uskoti ilikuwemo. Niliisoma ile orodha kwa kidole kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake baada ya ajali ya basi. Tunapomcheka mtani kwa deni, tunadhani tunamcheka tajiri wake. Kumbe tajiri ameshaondoka zamani. Aliyebaki pale ni muuza duka.

Nije kwenye siku yenyewe, maana najua unaisubiri.

Jumapili tarehe 25 Machi 2012 Celtic walikwenda Ibrox. Wakishinda, wanatawazwa mabingwa kwenye uwanja wa mtani, mbele ya macho yake, akiwa amefilisika. Fikiria Simba waupokee ubingwa Jangwani, kwenye kibaraza cha klabu yenu, na nyinyi mkiwa na bakuli mkononi. Mji mzima wa mashariki haukulala. Wachezaji wa Rangers wakati huo walikuwa wamekubali kukatwa mishahara, wale wakubwa wakiacha asilimia 75, ili wafanyakazi wa kawaida wa klabu wasifukuzwe. Jambo hilo yule mzee alinieleza mwenyewe, mara mbili, akinishika mkono ili nisiondoke kabla hajamaliza.

Nilikuwa zamu. Tuliwasogeza wazee sebuleni, bluu upande wa dirisha, kijani upande wa mlango, na sisi wahudumu tukisimama katikati na sahani. Dakika ya 11 Sone Aluko akafunga kwa ajili ya Rangers. Kabla ya mapumziko Cha Du-Ri wa Celtic akapewa kadi nyekundu. Wakati wa mapumziko kocha Neil Lennon naye akaondolewa, kipindi cha pili akakitazama akiwa jukwaani. Tukajipa moyo kwamba kumi wanatosha kwa timu iliyofilisika. Halafu Wanyama, mdogo wangu, akachelewa kwenye mpira mmoja, akamwangukia mpinzani, na kadi nyekundu ya pili ikatoka. Nilimwona akitembea kuelekea nje, kichwa chini, uwanja wa watu 50,000 ukimzomea, na sikumbuki ni lini nilitamani kumfunika mtu khanga kama siku ile. Andrew Little akafunga la pili, Lee Wallace la tatu. Mwishoni Carlos Bocanegra wa Rangers naye akatolewa, Scott Brown akafunga penalti, Thomas Rogne akaongeza la pili, lakini muda ulikuwa umekwisha. 3-2.

Upande wa dirisha wazee walipiga kelele ambazo sikujua wanazo vifuani. Mzee wangu wa Govan hakupiga kelele. Alikuwa analia, na alipoona ninamtazama akanyoosha kidole kwenye televisheni akasema kwa sauti ya chini kwamba vijana wale hawajalipwa.

Nilitoka jioni nikapanda basi la kwenda mashariki. Lilikuwa limejaa skafu za kijani na kimya. Wa kwanza kusema alikuwa kijana aliyekaa nyuma, akamlaumu mwamuzi kwa kadi zile. Wa pili akamlaumu kocha. Kisha mtu wa tatu akasema maneno ambayo niliyasikia tena na tena wiki nzima: wacha washangilie, hawana hata hela ya umeme. Na basi lote likachangamka. Ghafla kila mtu ana takwimu, huyu anajua deni la kodi, yule anajua la benki, mwingine anahesabu siku zilizobaki. Mpaka tunafika Duke Street watu wanacheka. Nami nilicheka, na ilinisaidia, nisikudanganye. Daftari la madeni ya mtani ndilo kimbilio la aliyefungwa. Ukishindwa uwanjani unakwenda kushinda kwa mhasibu. Ndiyo maana Jumapili hii kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye neno bakuli. Kilikuwa kinaijua njia, kilishaipita ndani ya basi lile.

Wiki mbili baadaye, tarehe 7 Aprili, Celtic waliwafunga Kilmarnock 6-0 wakawa mabingwa, na Rangers walipokuja Parkhead mwishoni mwa mwezi wakafungwa 3-0. Hayo nayapita haraka, kwa sababu ubingwa haukunifunza kitu. Kilichonifunza ni ukuta wa nyumba ya yule mama wa Gallowgate.

Alinialika chakula siku ya Jumapili baada ya sherehe. Kwenye korido, kati ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na picha ya harusi ya binti yake, kulikuwa na karatasi ndani ya fremu. Nilidhani ni cheti cha shule. Akaniambia ni cheti cha hisa. Mwezi Machi 1994 Celtic wenyewe walikuwa wamebakiza saa chache kufungiwa na benki, zile familia za zamani zilizoimiliki zimeiendesha mpaka ukingoni, na akaja Fergus McCann, mzaliwa wa huku aliyekuwa akiishi Kanada, akalipa. Kisha akafanya jambo ambalo wenye klabu hawakuwahi kulifanya: akauza hisa kwa mashabiki. Watu zaidi ya 10,000 wakanunua, madereva, wauguzi, watu waliostaafu. Yule mama alitoa akiba yake ya likizo. Gawio la maana hajawahi kuliona, wala halitafuti. Na akanieleza kwamba hata mwanzo wake ndivyo ulivyokuwa. Celtic ilianzishwa na Bradha Walfrid, mtawa wa Shirika la Marist, ili kuchanga fedha za chakula cha watoto maskini wa mashariki mwa Glasgow. Timu yote, na Lisbon yake, na uwanja wa watu 60,000, ilianza kama bakuli.

Nilikaa pale mezani na supu yangu nikiwa sijui niangalie wapi. Mama huyu huyu ndiye aliyetugawia jeli mwezi Februari.

Kule ng'ambo nako mambo yaliendelea. Mwezi Juni mamlaka ya kodi ilikataa pendekezo la kulipwa peni chache kwa kila pauni, kampuni ya zamani ikaelekea kufilisiwa, na Charles Green na wenzake wakanunua mali zake kwa pauni milioni 5.5. Rangers wakaomba warudishwe ligi kuu kwa jina la kampuni mpya. Hapo mashabiki wa Uskoti nzima, wa timu kubwa na za vijijini, wakawaambia viongozi wao kwamba wakikubali, wao hawanunui tiketi. Tarehe 4 Julai vilabu vikapiga kura: kumi vilikataa, Kilmarnock hawakuegemea upande, na kura pekee ya kukubali ilikuwa ya Rangers wenyewe. Siku tisa baadaye vilabu vya madaraja ya chini vikaamua waanzie daraja la nne, la mwisho kabisa. Viongozi walikuwa wameonya kwamba fedha za televisheni zitapotea. Mashabiki walisikia, na bado walisema hapana. Sijawahi kuona mahali pengine ambapo watu wa kawaida wamewashinda wenye hesabu kwa namna ile.

Mzee wangu wa Govan alimwita binti yake akamwagiza amkatie tiketi ya msimu. Binti akamkumbusha kwamba tangu mwaka juzi hawezi kupanda ngazi za Ibrox, na kwamba msimu huu wanacheza na timu za miji midogo. Mzee akasema anajua. Alitaka kile kiti kilipiwe. Tarehe 18 Agosti Rangers walicheza na East Stirlingshire nyumbani, daraja la nne, na walikuwepo watu 49,118, rekodi ya dunia kwa daraja hilo wakati ule. Tulisikiliza redioni mimi na yeye. Alinieleza kiti chake kilipo, safu na namba, akaniomba nifumbe macho nikione kikiwa kitupu katikati ya watu wote wale.

Yule kiti chake kiliuzwa kwa siri, naye akakinunua tena kwa hiari. Nikimfikiria nakufikiria wewe, Mjomba, ukitembea kutoka nyumbani hadi tawini jioni na pauni tano zilizogeuka shilingi elfu kumi na kitu, fedha iliyotumwa kukudhihaki, na unampa mweka hazina aandike. Zahera hakuuza tiketi za miaka ijayo gizani. Alisimama mbele ya watu akasema hatuna. Walioona aibu wakati ule tulikuwa sisi kwa niaba yenu, na hatukuwa na haki ya kuona aibu hiyo. Msimu ule wa bakuli mlimaliza wa pili, nyuma yetu tu.

Wanyama naye aliinuka. Mwezi Novemba 2012 alipiga kichwa mpira wa kona ukaingia kwenye lango la Barcelona, Celtic wakashinda 2-1, nami nililia jikoni peke yangu. Baadaye akaenda Southampton, Mkenya wa kwanza kucheza ligi kuu ya England. Rangers walipanda taratibu. Aprili 2016, wakiwa bado daraja la pili, wakakutana na Celtic kwenye nusu fainali ya Kombe la Uskoti wakawatoa kwa penalti. Mtani mnyonge akatufunga tena. Septemba mwaka huo, waliporudi ligi kuu, tukawapiga 5-1, na niliimba barabarani London Road mpaka sauti ikakauka. Mwaka 2021 wakachukua ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi, pointi 102. Wapo watu wa kijani wasiokubali hadi leo kwamba hii ni Rangers ileile. Wanasema ya zamani ilikufa. Mimi nimekisikiliza kiti kile kitupu redioni, siwezi kuwaunga mkono.

Kwa hiyo 5-1 nimeionja pande zote mbili, na mlichotufanyia Jumapili mmekitafuta kwa jasho. Hongereni. Hongera kwako hasa, uliyebeba timu yako miaka ile, wakati mpwa wako anakutumia kejeli kwa njia ya simu. Nisamehe kwa zile pauni tano. Nisamehe kwa maneno niliyoyaandika chini yake, si kwa fedha, maana fedha ile najivunia ilikofika.

Zile 5,000 nimemwambia mama asizitunze. Ampe mkaza mjomba, anunue samaki siku nitakayofika, mwezi wa saba Mungu akipenda, tule sote.

Nina ombi moja. Kama lile daftari la tawi la mwaka 2018 bado lipo, na mweka hazina hajalitupa, nipigie picha ule ukurasa wenye jina langu. Piga mchana, nje, mwandiko uonekane vizuri. Kuna duka la fremu Duke Street, nimeshauliza bei.

Mpwa wako.